Mafundo ya Bi Kibubu

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa zuri tu, ila mtaani halikuwa na kazi. Watoto walimwita Bi Kibubu, mama zao walimwita Bi Kibubu, na hata mwenye nyumba alipokuja kudai kodi alibisha hodi kwa jina hilohilo. Alikuwa fundi cherehani. Miaka nenda miaka rudi alikaa kwenye kibaraza chake, miguu ikikanyaga pedali, midomo imebana pini, na kwa pini zote hizo mdomoni bado aliweza kumsema mpita njia aliyevaa shati lisilopigwa pasi. Kushona ndiko kulikomlisha. Jina alilipata kwa kazi nyingine, ambayo hakulipwa hata senti: alitunza hela za watu.

Mambo yalianza kama mzaha. Jirani yake mmoja alikuwa na mume mwenye pua ya kunusa noti popote ilipo, iwe kwenye pipa la unga, chini ya godoro au ndani ya soksi ya mtoto. Siku moja mama huyo akamwomba fundi amfichie kidogo kwenye droo ya cherehani. Fundi akaficha. Mume alinusa nyumba nzima akaambulia patupu, na mwisho wa mwezi mama akanunua sufuria mbili mpya na kuzianika nje mtaa mzima uzione. Basi wakaja wengine. Akaja mfua nguo, akaja muuza maji, akaja msusi, akaja mlinzi wa usiku wa ghala la mbao. Hawa walikuwa watu ambao hela yao huingia kidogokidogo na kutoka vivyo hivyo, na kati ya kuingia na kutoka kuna saa chache tu za kuikamata. Benki ilikuwepo, mjini, ina mlango wa vioo na mlinzi aliyekukagua viatu kabla hajakutazama usoni. Ilitaka barua, picha, mdhamini, na kiasi cha kuanzia ambacho mfua nguo angekuwa nacho asingekuwa anafua nguo za watu. Kwa hiyo benki iliwaacha, nao wakaiacha, wala hakuna aliyemlilia mwenzake.

Bi Kibubu hakuwa na daftari. Alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda, na ndani ya sanduku kila mtu alikuwa na fundo lake, hela zimefungwa kwenye kipande kilichobaki cha nguo aliyomshonea. Mfua nguo fundo lake lilikuwa la pamba yenye maua. Mlinzi lake lilikuwa la sufu nzito ya koti. Ukija na hela yako ya siku, anaingia ndani, anapapasa, anatoa fundo, anafungua, anaongeza, anafunga, anarudi kwenye cherehani kabla uzi haujapoa.

Sharti lake lilikuwa moja. Ukianza fundo, useme ni la nini, na likishasemwa halibadiliki. Hapo ndipo mtu alipokutana na mdomo wa Bi Kibubu.

“Umeniambia bati la paa,” angemwambia mtu. “Leo unaniambia redio. Redio itakuziba wapi mvua ikinyesha, masikioni?”

“Lakini Mama, hela si ni yangu?”

“Ni yako. Ikishakuwa bati utaiona kila siku ukiinua kichwa.”

Mtu aliondoka amenuna. Wengine walipiga kelele, wengine walisingizia wagonjwa ambao walionekana jioni yake wakicheza karata. Mgonjwa wa kweli Bi Kibubu alimjua, na fundo lilitoka bila swali. Huyo wa karata Bi Kibubu alimpigia makofi ya kejeli, hela hakumpa. Na kulikuwa na jambo lingine ambalo yeye hakulisema kamwe, watu walilishika wenyewe: ukipewa fundo lako siku yake ikifika, usilihesabu mbele yake. Kulihesabu pale kibarazani kungekuwa sawa na kumwita mwizi. Unapokea kwa mikono miwili, unashukuru, unaenda zako.

Hivyo ndivyo alivyoishi, na alijivuna, tena si kidogo. Mume wake alikwisha fariki, mwanawe wa pekee alikuwa mbali na simu zake zilikuwa za kuulizana hali tu. Lakini asubuhi ikifika watu wanapanga mstari kwenye kibaraza chake kumwamkia. Aliwahi kumwambia msusi, akiwa amefurahi, kwamba tajiri ana watu wanaomwogopa, lakini yeye ana watu wanaomwachia.

Ubaya ulianzia machoni. Mwanzoni alidhani taa imefifia, akabadilisha taa. Halafu akadhani viwanda vimeanza kutoa nyuzi mbovu zisizo na rangi. Daktari wa kliniki alimmulika na kumwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba upasuaji upo na hauumi, ila una gharama. Bi Kibubu akarudi nyumbani, akakata kipande cha shati la marehemu mumewe, akaanza fundo lake mwenyewe. La macho. Kisha akafunga mdomo. Fundi asiyeona nani atampa kitambaa? Na mtunzaji asiyeona nani atampa hela? Alishika kila kitu kwa vidole. Nyuzi alizipanga kwa safu. Watoto wa jirani waliopita aliwaomba wamtungie sindano, akisingizia kwamba anawafundisha kazi. Sanduku ndilo halikumtia hofu, kwa sababu mafundo aliyajua kwa kupapasa, kila kitambaa na mwili wake.

Karibu na wakati huo ndipo kwenye kona ya mtaa kilipofunguliwa kibanda cha wakala wa benki. Hakikuwa na vioo wala mlinzi. Kulikuwa na dirisha la mbao, mashine ndogo ya kushika mkononi, na binti mmoja mcheshi aliyeuza pia sabuni na vocha. Binti alikuwa na adabu, akaona amwendee mkubwa kwanza.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Unataka kushona nini?”

“Sitaki kushona, bibi. Nimekuja kukuambia habari ya akaunti. Siku hizi mtu anafungua kwa kitambulisho na dole gumba tu. Haina makato ya mwezi, na unaanza na chochote ulicho nacho.”

“Chochote?”

“Chochote.”

Bi Kibubu alitoa pini mdomoni, jambo alilolifanya kwa wageni wa maana tu. “Na mtu akija kuitoa kwa upuuzi wake, unamwambiaje?”

“Nampa, bibi. Ni yake.”

“Basi nyie hamtunzi. Mnashika tu mpaka mwenyewe aje kuiharibu.”

Binti akacheka, hakukasirika. Akaeleza kwamba ipo akaunti nyingine, ya malengo, ambayo mtu anachagua tarehe mwenyewe, na kabla ya tarehe hiyo mashine haitoi hata ukilia machozi ya damu. Bi Kibubu alirudisha pini zake mdomoni. Mashine, alisema kwa upande wa mdomo uliobaki, haijui mgonjwa wala mcheza karata. Na hapo, tuseme ukweli, hakukosea. Ila alilisema kwa sababu nyingine pia. Alikiona kile kibanda kama mke mwenza.

Sasa, kati ya watu wa mafundo walikuwepo wawili ambao hadithi hii ni yao pia. Mmoja ni msusi, mwanamke mwenye vidole vya haraka na ulimi wa haraka zaidi, aliyesuka watu chini ya mwavuli na kuota siku atakapopanga kibanda chenye kioo. Fundo lake lilikuwa la kibanda. Wa pili ni muuza mkaa, jitu la watu refu, ambaye kwa kuwa haongei mtaa ulimwita Kimya. Kimya alitembeza mkaa kwa mkokoteni wa kukodi, na kila jioni, kabla hajala, alimlipa mwenye mkokoteni. Alipiga hesabu siku moja akagundua kwamba ameshamnunulia yule bwana mikokoteni kadhaa, yeye hana hata gurudumu. Fundo lake lilikuwa la mkokoteni. Sasa mwenye nao alikuwa anaacha biashara, akamwambia Kimya: mwisho wa mwezi ukiwa na hela nakuuzia wewe, usipokuwa nayo yupo mwingine ameshaniahidi.

Fundo la Kimya lilikuwa la drili, kitambaa kile kigumu cha suruali za kazi. La msusi lilikuwa la kitambaa laini chepesi, tangu zamani. Ila kilichakaa, kikaanza kuvuja sarafu, na kwa kuwa msusi alikuwa ametengenezewa aproni ya kazi, Bi Kibubu akachukua kipande cha aproni akamfungia upya. Aproni ilikuwa ya drili. Drili ya Kimya ilikuwa ya bluu, ya msusi ilikuwa ya kijani, na mtoto mdogo angezitofautisha. Vidole havikuweza.

Siku msusi alipokuja kuchukua fundo lake alikuwa anaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Kibanda kimepatikana! Karibu na stendi! Kina kioo ukutani tayari! Bi Kibubu aliingia ndani, akapapasa drili, akaikuta moja nene na moja nyembamba. Akajiambia, huyu hakosi jioni hata moja, lake ndilo litakuwa nene. Akatoka nalo. Jua lilikuwa kali, msusi alikuwa na haraka, akapokea kwa mikono miwili, akalitumbukiza kwenye mkoba bila kulitazama, akambusu bibi wa watu shavuni na kukimbia.

Siku chache baadaye alirudi na kanga ya shukrani, akaketi kwenye kigoda na kushusha sauti.

“Mama, najua hutaki kushukuriwa mbele za watu. Ila nimekuja kusema asante.”

“Asante ya nini? Hela zako.”

“Mama na wewe! Nilimpa mwenye vibanda fundo lote ahesabu mwenyewe. Mimi nilijua ni la miezi mitatu, akaniambia nimelipa ya miezi sita. Nikajua tu ni wewe umeniongezea, kama ulivyonifanyia nilipojifungua.” Akacheka. “Ila yule baba ana dharau. Eti noti zako zimejaa vumbi la mkaa, zimemchafua vidole. Nikamwambia, hela za Bi Kibubu zinalala karibu na jiko, shida yako nini?”

Cherehani ilisimama. Msusi aliendelea kuongea habari ya kioo, na Bi Kibubu aliitikia “ehe” na “kumbe” bila kusikia hata neno. Sanduku lake halikuwahi kulala karibu na jiko.

Msusi alipoondoka, aliingia ndani, akatoa fundo la drili lililobaki, akaenda nalo mlangoni kwenye mwanga. Rangi hakuiona. Akalifungua na kulipeleka puani. Lilinukia mafuta ya nywele.

Aliketi kitandani. Kutunza kote kule, kusema watu kote kule, halafu yeye ndiye aliyechukua mkokoteni wa Kimya na kuugeuza kodi ya kibanda cha mwenzake. Alikwenda kwa mwenye vibanda jioni hiyohiyo, akasingizia anaulizia chumba, akamdodosa. Bwana yule alisema waziwazi kwamba kodi ikiingia kwake hairudi, hata mpangaji akifa. Basi. Mwisho wa mwezi ulikuwa mlangoni.

Njia ilikuwepo, na ndiyo iliyomtesa. Akichukua hela za msusi zilizobaki, akaongeza fundo lake la macho lote, hesabu ya Kimya ilitimia kabisa. Angeweza kufunga yote kwenye drili, akampa, akamtakia heri. Msusi angeendelea kuamini amesaidiwa. Kimya angepata mkokoteni. Jina lake lingebaki vilevile, kama sahani iliyooshwa. Macho ndiyo yangelipa, na macho ni yake. Alifunga fundo hilo, akajiambia kwamba huo si uongo, ni kukaa kimya tu.

Kimya alikuja asubuhi, kofia mkononi. Alipokea fundo kwa mikono miwili, akainama, akasema, “Asante, Mama,” akageuka kuondoka. Alikwisha kushuka ngazi ya kibaraza.

“Rudi,” Bi Kibubu akasema.

Akarudi.

“Lihesabu hapa. Mbele yangu.”

Kimya alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo. Lakini alikuwa mtu wa kutii wakubwa, akaketi kwenye kigoda, akafungua. Hakuhesabu. Alishika noti ya kwanza, akaigeuza, akaishika ya pili.

“Hizi si zangu,” alisema. “Zangu chafu.”

Basi Bi Kibubu akasema yote. Alisema habari ya drili mbili, ya miezi sita, ya vumbi kwenye vidole vya mwenye vibanda. Alipofika kwenye macho akakohoa, akasema hilo nalo. “Sioni, mwanangu. Mwaka mzima sasa. Nimewaficha. Hizo ulizoshika zimetimia, nimejazia kwa fundo langu mwenyewe, hutapungukiwa. Lakini nimekosa, na nilikuwa naenda kukuacha uondoke bila kujua. Nisamehe.”

Kimya alizirudisha zile noti mbili kwenye fundo.

“Nilijua,” alisema.

“Ulijua nini?”

“Kwamba huoni.” Akanyoosha mguu, akaonyesha suruali. “Ulinitia kiraka chekundu hapa. Nilikuletea cheusi.”

Bi Kibubu alipeleka mkono kwenye kiraka, kana kwamba vidole vingemwambia. “Na ukavaa?”

“Kinafunika tundu.”

“Wee mtu! Ulijua sioni, ukaendelea kuniletea hela zako?”

“Sikuleta kwa sababu ya macho yako, Mama. Nilileta kwa sababu ya mdomo wako.” Kwa Kimya hiyo ilikuwa hotuba, lakini hakuwa amemaliza. “Mtu mwingine angenipa kila nilipoomba. Ila hili la kutuficha halijanifurahisha. Ungesema, mimi ningekuwa naingia nakufungia.”

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa aibu, na kwa kitu kingine pia ambacho kilikuwa karibu na furaha, na alikasirika kwamba analia mbele ya mteja. Kimya alimuuliza fundo lake mwenyewe lilikuwa la nini, naye akajaribu kusema la mapazia. Kimya akamtazama tu mpaka akasema la macho. Jamaa akaanza kurudisha noti. Bi Kibubu akamkamata mkono, na mkono wa mtu aliyekata vitambaa maisha yake yote si wa kushindana nao.

“Ulisema mkokoteni,” alimwambia. “Kanunue mkokoteni.”

Akaenda kuununua.

Msusi alipoambiwa alijifunika uso kwa aproni yake ya kijani, akalia kuliko bibi. Alitaka kuacha kibanda, kuuza kioo ambacho hata si chake, kuhama mji. Bi Kibubu akamwacha amalize, kisha akamwambia hana kosa, hela alipewa. Ila miezi mitatu ya ziada ni deni, na atalilipa kidogokidogo kila wiki.

“Nitakuletea hapahapa, Mama.”

“Usilete hapa. Sanduku nimelifunga.”

Siku hiyohiyo alikaa kibarazani akawaita mmojammoja, akamkabidhi kila mtu fundo lake na kumwambia alitazame kitambaa kwa macho yake na alihesabu kabla hajaondoka. Aliwaambia sababu bila kuizungushazungusha. Walinung'unika, wakasema yameisha, wakasema watakuwa wanajifungia wenyewe. Mfua nguo akasema, “Mama, sasa nani atatukatalia?” Bi Kibubu akachukua fimbo ya kutembelea aliyoikwepa muda wote huo, akajifunga leso kichwani, akawaongoza hadi dirishani kwa wakala.

Binti aliwapokea watu wengi kuliko aliowaona tangu afungue. Mlinzi aliweka dole gumba mashine ikakubali. Mfua nguo aliweka mashine ikagoma, kwa kuwa sabuni ilikuwa imemlainisha vidole, ikabidi vijaribiwe vyote kumi, hadi kidole kidogo cha kushoto kikaokoa jahazi. Wengine walichagua akaunti ya kawaida. Wengi walichagua ile ya tarehe, na hapo Bi Kibubu alisimama pembeni akiuliza kila mmoja ni ya nini, na hakuna aliyethubutu kutojibu. Zamu yake ilipofika hakuwa na hela ya kuanzia zaidi ya malipo ya suruali moja.

“Inatosha, bibi,” binti alisema. “Unaweka ya nini?”

“Macho.”

“Tarehe?”

Wakapiga hesabu pamoja, hela ya msusi ya kila wiki na ya suruali, wakaupata mwezi ambao gharama ingetimia. Bi Kibubu alilisogelea dirisha. “Na nikija kabla, unikatalie kweli. Mimi najijua.”

“Sitaweza kukupa hata nikitaka, bibi.”

Akarudi nyumbani mwepesi na mpweke. Asubuhi hakukuwa na mstari tena. Wateja wa nguo walikuja, wakamwambia rangi kwa sauti, yeye akashona, na jioni alijikuta akipapasa chini ya kitanda bila sababu.

Miezi ilikwenda. Msusi hakukosa wiki. Halafu siku moja akapita mchuuzi na bahati ya ajabu: kiwanda kimefungwa, kinauza robota la vipande vya vitambaa kwa bei ya kutupa, pamba tupu, leo tu. Bi Kibubu alitia mkono ndani ya robota, akapapasa, na moyo ukamwenda mbio. Pamba kama hiyo hakuigusa tangu ujana. Angeshona nguo za watoto, angeuza, angerudisha hela mara mbili. Macho yamesubiri mwaka, yasubiri kidogo tena. Alikwenda kwa wakala karibu akimbie.

“Haitoki, bibi,” binti alisema kwa upole. “Tarehe bado.”

“Ni biashara, mjukuu wangu. Si upuuzi. Nitarudisha.”

“Najua. Lakini mashine haikubali.”

“Hela si ni yangu?”

Alilisikia neno lenyewe likitoka kinywani mwake, wala halikumzuia. Alibembeleza. Alisingizia mgonjwa. Alimwambia binti kwamba ana moyo wa jiwe na kwamba wazazi wake hawakumlea. Binti alivumilia yote, akasema, “Samahani, bibi,” na robota likauzwa kwa mwingine. Bi Kibubu alibaki ameshika fimbo, uso unamwaka, akimchukia yule mtoto asiye na hatia kwa chuki ya kweli kabisa. Alitaka kurudi nyumbani na asitie tena mguu kwenye dirisha lile maishani.

Nyuma yake alisimama Kimya, mkokoteni wake mwenyewe umeegeshwa kando ya ukuta, akisubiri zamu yake. Alikuwa amesikia yote.

“Hivi,” Bi Kibubu alimuuliza bila kugeuka, “mimi nilipokuwa nakukatalia, ulikuwa unajisikiaje?”

Kimya alifikiri kwanza. “Vibaya sana. Mara nyingine nilikutukana njia nzima mpaka nyumbani.”

“Ukanitukana mimi?”

“Na ukoo wako, Mama.”

“Na kesho yake?”

“Kesho yake nilileta.”

Miaka yote Bi Kibubu alidhani waliokuwa wanamrudia wanarudi kwa kuwa hawana pengine pa kwenda, au kwa kuwa yeye ni hodari. Hakujua kwamba kila mmoja wao alikuwa akiondoka kwenye kibaraza chake na uchungu kama huu kooni, analala nao, anaumeza, na asubuhi anaosha uso na kumletea tena. Mfua nguo, mlinzi, yule wa bati, wote. Na yeye hakuwahi kumshukuru hata mmoja wao.

“Asante, mwanangu,” alisema.

Kimya hakujua anashukuriwa kwa nini. Alisema, “Haya, Mama,” akampisha asimame kivulini. Bi Kibubu akafungua pindo la leso, akatoa hela ya suruali aliyoishona jana, akaiweka dirishani.